Zari Yafika Katumba

Treni ya Mpanda iliondoka Tabora jioni. Mkobani nilikuwa na kitabu cha kudarizi kwa uzi wa dhahabu, kilichochapishwa Uingereza, na vibunda vya zari ya kuiga nilivyonunua Kariakoo. Kitabu nilikwisha kukisoma chote. Mpangilio wa kazi niliujua: unawamba kitambaa, unajaza sehemu inayotakiwa kuinuka, ndipo unalaza zari. Ila hakuna ukurasa ulionieleza uzi uvutwe kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana nilikuwa nakwenda Katumba, kwa kina mama wanaodarizi mashuka na vitambaa vya meza kwa mkono.

Kutoka Kaliua tulishika tawi la reli lililojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Tukavuka Mto Ugalla. Kulipokucha ilikuwa miombo tupu, na mizinga ya nyuki juu ya miti.

Katumba inajulikana zaidi kama makazi ya wakimbizi. Ilianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na mwaka 2014 wengi wao walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Hayo yameandikwa sana. Ufundi wa mikono yao haujaandikwa vya kutosha, na hilo linaniuma.

"Pole na safari, mwanangu," mama mwenyeji aliniambia, akapokea kitabu kabla ya mkoba. Kiingereza hasomi. Alipitisha kidole juu ya picha moja, akasema, "Huu uzi hauingii kitambaani."

Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii. Zari halisi ni utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, uliozungushwa kwenye uzi wa hariri. Ukiupitisha kitambaani mara kwa mara, unachubuka. Kwa hiyo nyuzi mbili hulazwa juu kwa pamoja, zikashikizwa kwa mishono midogo ya hariri ya njano, na mishono ya mstari mmoja ikapishana na ya mstari wa pili kama matofali ukutani. Ncha pekee ndizo huzamishwa nyuma, kwa sindano nene.

Alitoa bonge la nta, akapitisha uzi wa kushikizia. Kitabu nacho kinaagiza nta, maana uzi uliopakwa haujisokoti wala haukatwi upesi na madini. Kisha akagonga kitambaa kwa kucha, hakuridhika, akakiwamba upya.

"Ukiona zari imeingia kiuno, umebana mno," alisema. "Ikitikisika, umelegeza."

Nilimsimulia vazi la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, mwaka 1953: wadarizi 12, saa 3,500. Akauliza walilipwa kwa saa au kwa vazi. Ni swali la mtu anayelipwa kwa shuka, liwe limemchukua wiki au miezi.

Tulidarizi msalaba wa stola. Kwenye kona zari hugoma kupinda, na kitabu kina picha kadhaa za hatua hiyo. Alizitazama, akasogeza mishono karibu karibu, akaongeza mmoja kwenye ncha yenyewe, akaukaza kidogo kuliko mingine. Zari ikageuka bila kupasuka. Nikachukua kalamu nikaandika kipimo chake pembeni mwa ukurasa, chini ya picha ya mwisho.