Baraka Imo Katika Tonge Lipi?



Miongoni mwa adabu za kula tulizofundishwa chuoni tukiwa wadogo, iko hii: tonge likianguka, liokote, lisafishe, ulile, na sahani usiiache mpaka uifute, kwani hujui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chako. Watoto huihifadhi upesi. Maana yake huja baadaye, na kwangu imenizidia uzito kwa maneno ya kijana mmoja.

Nikirejea kutoka Umra nilipitia Dubai, kwa mpwa wangu, mzaliwa wa hapa Rukanga, ambaye ni mhudumu katika mkahawa mmoja mjini humo. Siku yake ya mapumziko alitaka anikirimu. Nilimwekea sharti moja: pasiwe mahali panapouzwa pombe, kwani Mtume (S.A.W.) ametukataza kuketi kwenye meza inayopitishwa ulevi, hata kama wewe unakunywa maji. Akatafuta hadi akapata mkahawa ulio safi, juu ya paa la jengo refu.

Vyakula vilikuwa vya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania: dengu zilizosagwa kwa ufuta na ndimu, bilingani zilizochomwa zikapondwa, jibini nyeupe, samaki wa kuchoma, na mikate myembamba ya kuchovya katika mafuta ya zeituni. Mwisho zikaletwa tini. Sura ya At-Tin, ambamo Mwenyezi Mungu ameapa kwa tini na zeituni, nimeisomesha miaka mingi. Usiku ule ndio wa kwanza kuyaona matunda hayo mawili pamoja mezani. Nilimshukuru Mola, nikamwombea dua mwenyeji wangu.

Chini yetu taa zilitandaa hadi zilipokomea jangwani. Mji ule mvua yake ni haba kuliko yetu, na maji yake karibu yote ni ya bahari, yaliyotolewa chumvi kwa mitambo. Sisi tulio chini ya Mlima Kasigau twaijua thamani ya tone la maji na ya punje ya nafaka. Tembo wakiingia shambani, jasho la msimu mzima huisha kwa usiku mmoja.

Meza ya jirani waliagiza sahani hata zikakosa pa kuwekwa. Wakapiga picha, wakaonja, wakaondoka. Samaki mzima alibaki hakuguswa. Kijana akamtazama muda mrefu, kisha akasema: "Mjomba, kazini kwangu ni hivi kila usiku, nami ndiye ninayemwaga. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikimkumbuka mama, mwaka ule tembo walipomaliza mahindi tukawa twalala kwa uji. Siku hizi simkumbuki. Mkono umezoea."

Nilimweleza kwamba mali ile si yake, na dhima ya israfu ni ya mwenye kuifanya. Lakini nilimwambia pia kwamba uchungu ule alioupoteza ni sehemu ya imani, autafute. Mji huo huo una Benki ya Chakula ya Imarati, iliyoanzishwa mwaka 2017, ambayo hupokea chakula cha ziada kutoka mahotelini na madukani ili kiwafikie wahitaji. Nikamshauri amuulize msimamizi wake kwa adabu. Ameuliza, jibu bado. Kilichobaki mezani petu tulikifunga, akapewa mlinzi wa mlangoni.

Msidhani haya ni ya matajiri wa jangwani peke yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 pekee chakula cha tani bilioni 1.05 kilitupwa duniani. Asilimia 60 yake ilitupwa majumbani. Mikahawa na mahoteli yalikuwa na asilimia 28. Mzigo mkubwa, basi, watoka majikoni mwetu.

Nani asiyejua pilau ya harusi inavyomwagwa asubuhi, au futari inavyochacha sahanini kwa kuwa macho yalikuwa na njaa kuliko tumbo? Kumkirimu mgeni ni ibada. Kumpakulia asichoweza kumaliza si katika ukarimu. Tupike kwa kipimo. Tupakue kidogo, mwenye haja aongezewe. Fungu la jirani litengwe chakula kingali sufuriani, safi, kabla mikono haijaingia, asije akapewa makombo. Na watoto watuone tukiokota tonge, wala wasitusikie tu tukilisimulia.

Ewe Mola wetu, tujaalie shukrani kwa kichache na kwa kingi, uwarudishie vijana wetu walio ugenini nyoyo zao zikiwa hai, wala usiiache mikono yetu ikazoea kumwaga riziki yako. Amin.