Kamera Nayo Iwe na Haya



Sisi watu wa Mombasa tuliohamia Kamakis, pembezoni mwa mji wa Ruiru, mara kwa mara huulizwa na jamaa zetu wa pwani: huko bara mwapiga picha za nini? Jina la Kamakis limeenea kwa nyama choma na kwa magari yanayojipanga kandokando ya barabara ya Eastern Bypass. Bahari hakuna, jahazi hakuna, mnazi hakuna. Lakini mwenye kamera ndogo na subira ya baada ya Alfajiri hakosi riziki ya macho. Mbingu zikiwa safi, Mlima Kenya hujitokeza upande wa kaskazini kabla mawingu hayajaufunika, na mashariki husimama Kilimambogo, wenye kimo cha mita 2,145.

Kwetu kupiga picha si kazi ya kutafutia chakula. Twaipenda kwa kuwa yatuzoeza kutazama. Suratul Ghashiya yawaelekeza watu wazingatie vitu vinne: ngamia, mbingu, milima na ardhi. Vitatu kati ya hivyo twaviona tukiwa kwenye roshani yetu ya ghorofa ya nne.

Twajua kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho, na kila nyumba hufuata mafundisho inayoyaamini. Hatukusudii kutoa fatwa. Twakumbuka tu kuwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, amepokewa akimwelekeza mchoraji kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi nasi tulianza na miti.

Kabla ya kuja huku tuliijua kahawa ya dele, chungu, ya kunywewa barazani kwa kashata. Hatukujua kuwa mibuni huchanua maua meupe siku chache baada ya mvua, wala kuwa harufu yake yakaribiana mno na ya asumini. Tulipopita mara ya kwanza kando ya shamba lililochanua, mmoja wetu alisema ni kama kuingia nyumba yenye arusi. Maua hayo hayadumu. Siku chache tu na yamenyauka. Na mashamba yenyewe nayo yaondoka. Ruiru ni nchi ya kahawa hata ikatoa jina la mbegu, Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kituo cha hapa. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta mjini watu 238,858, na ile ya 2019 ikakuta 490,120. Wote hao wahitaji pa kulala, nasi tu miongoni mwao, kwa hiyo hatuna uso wa kumlaumu mtu. Shamba tulilolipiga picha likiwa jeupe kwa maua, mwaka uliofuata tulilikuta limezungushiwa mabati.

Picha zetu twazichapisha na kumpelekea Bibi, aliye Mji wa Kale, ambaye magoti hayamruhusu tena kusafiri. Huenda kwa basi, pamoja na maparachichi. Tulidhani atauliza habari za mwangaza na rangi. Kumbe kila picha yenye mtu, swali lake la kwanza ni moja: “Huyu mlimwomba?”

Siku moja tulimkuta mama mmoja akichuma kahawa, jua la asubuhi limemwangukia vizuri, kikapu kimejaa buni nyekundu. Tukamsalimu, tukamwomba. Akacheka, akasema: “Hapana, wanangu. Pigeni miti. Mimi leo nina nguo za shamba.” Tukaiteremsha kamera, tukazungumza naye habari za mvua, tukaagana. Tulipomsimulia Bibi kwa simu alisema: “Angalikuwa ni mimi, ningalisema vivyo hivyo.” Tangu hapo twafahamu kwamba amri ya kuinamisha macho haikomei kwenye mboni za macho yetu. Kioo cha kamera nacho ni jicho, tena jicho lisilosahau.

Haya hiyo ina mwenzake, nao ni ukweli. Tuliwapeleka watoto Fourteen Falls, maporomoko ya mto Athi yaliyo karibu na Kilimambogo. Maji yalikuwa yakianguka kwa kishindo, na chini yake povu limetanda jeupe kama pamba. Katika picha lilipendeza sana. Lakini mto Athi hupokea maji ya mito inayopita Nairobi, pamoja na taka za majumba na viwanda, na aliyesimama pale huijua harufu yake. Picha haina harufu. Tukajadiliana jioni ile nyumbani: tumwache Bibi aseme mashaallah kwa povu la uchafu, au tumweleze? Tukaandika habari yote nyuma ya picha.

Bibi alipiga simu siku hiyo hiyo ilipomfikia. Hakuuliza habari za maporomoko. Aliuliza: “Na mto huo waenda wapi?” Jibu ni kwamba waja kwake. Athi ukiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, vilivyo kwenye mto huo wa Sabaki, hupeleka maji Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Tulikuwa tumepiga picha ya mandhari ya bara, na kumbe tumepiga picha ya jirani ya mtungi wa Bibi yetu. Laiti tungalinyamaza kwa kupenda uzuri, swali lile lisingaliulizwa.

Mohamed Amin, Mwislamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, aliijua nguvu hiyo ya ushahidi. Picha alizozichukua Ethiopia mwaka 1984 ndizo zilizoionyesha dunia njaa ya watu wale, na misaada ikamiminika. Alifariki Novemba 1996, ndege aliyopanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Sisi hatufiki hata kwenye kivuli chake. Lakini mlango ni ule ule kwa mwenye kamera kubwa na mwenye simu ya mkononi: ama picha yako ni ushahidi wa haki, ama ni pambo linaloficha.

Likizo zikija, familia zetu hutoka, na simu hutoka nazo. Kina mama wakiwa wamekaa kwa raha zao chini ya mti, shungi zimelegezwa kwa kuwa ni wao kwa wao, mara picha imekwisha kupelekwa kwa watu mia. Tuwafunze vijana wetu kuuliza kabla ya kupiga, na kuuliza tena kabla ya kutuma, kwani aliyekubali kupigwa hakukubali kusambazwa. Na mtoto wa mwenzio ana wazazi wake. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Kisha tuwageuzie kamera kwenye mvua, mibuni, mlima na mto, na tuwazoeze kusema kilichoachwa nje ya picha.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia na mikono yenye kuhifadhi amana, na aisafishe mito yetu pamoja na nyoyo zetu. Amin.