Mita moja na nusu

Mkaratusi wetu kule Litein ulikuwa umeshauzwa, uwe kuni za kukaushia majani chai kiwandani. Fundi wa msumeno aliutazama tu, akamwambia Baba, "Mzee, huu ni mita 20. Jikoni haufiki." Jiko la Mama lilikuwa mita 24 kutoka shinani, upande ule ule alikotaka kuuangusha.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nikafunga uzi na nati kwenye protrakta, nikasimama mita 20 kutoka shinani, mahali palipo usawa nalo. Kwenye mteremko huipati ile pembe ya digrii 90, na bila hiyo hesabu haisimami. Nikalenga kilele: digrii 50. Tanjenti yake ni karibu 1.19. Mara 20, mita 23.8.

Fundi akacheka. "Si nilisema?"

"Ngoja kidogo, fundi." Nilikuwa nimepima kuanzia machoni pangu, si ardhini. Ongeza mita 1.5. Jumla 25.3.

Baba hakuuliza tanjenti ni kitu gani. Alileta kamba, mti ukavutwa ukaangukia upande wa barabara. Jioni Mama alipika chai kwenye jiko lile lile. Kikombe cha kwanza alinipa mimi, kabla ya Baba.