Machakos kwa siku moja, na yale tusiyoyazungumza

Ukitaka kwenda Machakos, msomaji mpenzi, panda matatu Nairobi, ushike barabara ya Mombasa, upite Athi River, kisha pale makutano ya Kyumbi ukate kushoto. Ni mji mkongwe. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Machakos tayari palikuwa kituo cha Waingereza.

Wageni wengi huenda Kituluni kushangaa maji yanayoonekana kupanda mlima. Wengine hupunga upepo Machakos People's Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 2014 karibu na bwawa la Maruba. Nenda hapo Jumapili alasiri, uketi, utazame watu. Hutakosa kumwona baba na bintiye wa sekondari wakila chipsi kimya kimya, kila mmoja na simu yake.

Kimya hicho kina uzito wake hapa. Juni 2020 jina la Machakos lilivuma nchini kote. Iliripotiwa kwamba karibu wasichana 4,000 wa kaunti hii, wenye umri usiozidi miaka 19, walikuwa wameshika mimba katika miezi 5. Kukazuka ubishi: je, idadi imepanda au ni ile ile ya miaka yote? Kwangu mimi, kama ni ya miaka yote, basi ni vibaya zaidi. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na lawama zikawaangukia wasichana: eti hawana kazi, wana tamaa. Wanaume hawakutajwa sana, ingawa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 hana idhini ya kutoa.

Huko Siaya, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana wa kidato cha nne waliokaa nyumbani miezi 6 wakati wa korona walikabiliwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia. Walikosa nini? Ratiba, ndiyo. Lakini pia walikosa mwalimu anayeuliza, "Mbona leo huna raha?"

Hebu tuvuke mpaka kidogo. Mwaka 1954 mtaalamu Mary Ainsworth alianza kuwatembelea akina mama vijijini karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mamaye hutambaa mbali kucheza, akiogopa hurudi. Asiye na uhakika huo hulia hata akiwa amebebwa.

Kijana wa miaka 15 hana tofauti kubwa, ila sasa hutambaa hadi kwenye sherehe, na hurudi na boda boda. Sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo, haijakomaa hadi amepita miaka 20. Msisimko huwahi, breki huchelewa. Breki hizo huziazima kwa mtu mzima anayemwamini. Asipompata, ukaribu atautafuta kwingine, kwa bei yoyote: atasita kudai kondomu asije akaachwa. Na mvulana vile vile. Naye husukumwa na woga wa kuchekwa na wenzake. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 1997 uliowahusu vijana zaidi ya 12,000 ulionyesha kwamba wanaojihisi karibu na wazazi wao huchelewa kuanza ngono.

Zamani nyumba ya susu, nyanya wa Kikamba, ilikuwa pahali pa maswali kama hayo. Wewe uliyehamia mtaa wa ghorofa umembakiza susu kijijini, na nafasi yake haijajazwa.

Jioni mkirudi, msongamano hutokea mara nyingi karibu na Mlolongo. Hapo ndipo pa kuanzia, kwani mkiwa mmeketi bega kwa bega hamtazamani machoni. Usianze na mimba wala ukimwi. Muulize juu ya yule rafiki aliyeacha kumtaja tangu Januari, kisha nyamaza umsikilize, hata kama gari litafika Nairobi kabla hajajibu.