Kovu Lisiloonekana

Msemaji wa Kiswahili amezoea kulijua kovu kuwa ni alama ionekanayo: baka la gotini, mstari wa wembe, chanjo ya begani. Lugha imelipa kovu makao juu ya ngozi. Hata hivyo, mwili una makovu mengine yasiyomulikwa na jua, na ukosefu wa jina mwafaka la kuyaita huweza kumgharimu mtu uhai.

Mama mmoja mfugaji kutoka upande wa Narok aliwahi kupasuliwa ini katika hospitali moja mjini Nakuru. Ini lake lilikuwa na uvimbe wa maji uletwao na tegu wa mbwa, maradhi yanayofahamika miongoni mwa wafugaji wa Kenya, hasa Waturkana na Wamaasai. Miaka michache baadaye uvimbe mwingine ukaonekana, ikabidi apasuliwe tena. Daktari kijana akamtahadharisha: "Mama, huenda ndani kumeshikamana." Mama akatabasamu. "Mungu ashukuriwe, daktari. Vitu vikishikamana si ndiyo uzima?"

Nani angemlaumu? Katika Bonde la Ufa, baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, mshikamano ulihubiriwa makanisani na katika mabaraza ya machifu. Neno lilelile liliingia wodini likiwa bado na mavazi ya sherehe. Daktari alitoa onyo. Mama akapokea pongezi.

Muuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyeokoa mazungumzo. "Mama, ukiziweka ngozi mbili mbichi pamoja zikakaukiana, utazibanduaje?" Mama akanyamaza kitambo. "Zitararuka," akajibu, kisha akauliza ni nani atakayemtolea damu.

Mfano huo haukuwa mbali na ukweli. Tumbo limetandikwa utando laini uwezeshao viungo kuteleza. Utando huo ukikwaruzwa, ukikauka au ukiingiwa na damu na nyongo, mwili hutoa faibrini, ute unaonata. Kwa kawaida ute huo huyeyushwa kwa siku chache. Usipoyeyuka, hugeuka nyuzi ngumu za kovu. Ini huweza kugandana na kiwambo kilicho juu yake au na utumbo. Utumbo nao huweza kujipinda ukaziba. Upasuaji wa pili huwa mrefu na wenye hatari ya kuvuja damu.

Kinga huanzia mikononi mwa mpasuaji: kushika viungo kwa upole, kuvidumishia unyevu, kuzuia damu na nyongo zisivuje, na kuepuka glavu zenye unga, ambazo Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2017. Upasuaji wa matundu madogo hupunguza madhara. Zipo pia tando maalumu za kutenganisha viungo, ambazo baadaye hufyonzwa na mwili, ingawa bei yake si ya kila mfuko. Isitoshe, baadhi ya uvimbe wa tegu hutibiwa kwa albendazoli, au kwa sindano ya kufyonza maji, bila kulifungua tumbo. Na kabla ya hayo yote, mbwa wapewe dawa ya minyoo, wanyimwe maini na mapafu mabichi, nayo mikono inawiwe. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Asidanganywe kwamba kukanda tumbo kutayeyusha makovu hayo. Amweleze kila daktari kuwa aliwahi kupasuliwa. Na tumbo likijaa na kusokota, akitapika na kukosa choo na hewa, akimbilie hospitali siku hiyohiyo.

Wanafunzi wa Kiswahili hubishana sana kuhusu istilahi, na mara nyingi mabishano hayo huishia darasani. Wodi za Nakuru, anakokutana Mkikuyu, Mkalenjini, Mmaasai na Mturkana, hazina lugha nyingine ya kuwaunganisha wote. Anayetaka kuunda neno la ugonjwa huu na akae kwanza kando ya kitanda, asikilize linavyosikika masikioni mwa mgonjwa anayesubiri kisu.