Tulivyonunua Manifoldi Mara Mbili

Wengi wenu mnatujua sisi wanne wa Houston wenye boti, maana hapana arusi wala hitima ambayo hatukuulizwa, "Je, boti imeshatembea?" Imeshatembea. Lakini kabla ya hapo tulinunua kifaa kimoja mara mbili, na nusura tupoteze zaidi ya pesa. Tumeona tuieleze habari hii kama ilivyokuwa, na lawama zetu ndani yake.

Boti tuliipata mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kimbunga Harvey, kwa pesa za upatu wetu. Ina futi 24, na injini yake ni Chevrolet ya silinda nane, ile inayoitwa 454 kwa inchi zake za ujazo, yaani lita 7.4. Ilikuwa imekaa juu ya trela siku nyingi. Tulipochomoa kijiti cha kupimia oili tukakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Tukafungua, tukaiona manifoldi, ile inayopokea hewa na petroli kutoka kwenye kabureta na kuzigawa kwa silinda, imeliwa na chumvi pale maji ya kupoozea yanapopita. Injini ile ilipoozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, na alumini tupu na maji ya chumvi havipatani.

Ikawa lazima tununue nyingine, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kwa injini kama yetu zipo za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina ghorofa mbili: kabureta imegawanywa, kila nusu inalisha silinda nne, na silinda zinazofuatana katika kuwaka hupokezana, hii ikivuta kutoka juu, inayofuata ikavuta kutoka chini. Njia zake ni ndefu, hewa hukimbia humo hata injini ikizunguka polepole, na petroli haianguki njiani. Ya pili ina chumba kimoja wazi chini ya kabureta, na njia fupi zilizonyooka kwenda silinda zote nane. Hiyo mizunguko ikishapanda, hupumua bila kizuizi. Ikiwa chini huvuta kivivu.

Mwenzetu kijana, wa Mombasa, alikuwa ameshapata ya chumba kimoja, ya gari la mashindano, kwa bei ya chee na kabureta yake juu. Ami, mzee wetu wa Pemba, ambaye peke yake kati yetu aliwahi kula mshahara wa bahari, akamuuliza, "Mwanangu, mashindano na nani?" Tukacheka. Tukapiga kura, tatu kwa moja. Baadaye watu walisema ni kosa la kijana. Mikono iliyoinuka ilikuwa mitatu, na wake ulikuwa mmoja tu.

Hesabu tuliyoiruka ni hii. Gari lina gia; injini ikilegea unashusha gia, inapata pumzi. Boti haina pa kushusha. Rafadha (hivyo ndivyo asemavyo Ami, sisi wengine twasema propela) imo majini tangu mwanzo, na ukitaka kuizungusha mara mbili zaidi, inadai nguvu kiasi cha mara nane. Tena kuna kilima ambacho kila boti ya kasi lazima ikipande: kuacha kulima maji na kuanza kuteleza juu yake. Kwa yetu, kilima hicho kipo kati ya mizunguko 2,500 na 3,500 kwa dakika. Manifoldi ile ilianza kufurahi baada ya 4,000, na injini yenyewe haikupita 4,800. Yaani tulinunua furaha ya mizunguko 800.

Jumamosi moja ya Julai tulitoka Kemah na watoto sita. Mfereji wa meli wa Houston unaikata Ghuba ya Galveston, na meli za mafuta zipitazo humo haziwezi kukukwepa wala kusimama ghafla. Tulikuwa tunauvuka. Meli ikatokea kaskazini, ikionekana ndogo. Tukaongeza moto. Injini ikakohoa, sauti ikazama, pua ya boti ikanyanyuka na kukataa kushuka. Tukaongeza tena, ikakohoa zaidi. Ami akaushika mkono wa aliyekuwa kwenye usukani, akaurudisha taratibu, tukatambaa kwa mizunguko 1,500 kama ngalawa yenye tanga bovu. Tulitoka nje ya mfereji kabla meli haijafika, lakini wimbi lake lilitukuta ubavuni, na watoto wakalia. Watu wazima hatukusema neno mpaka gatini.

Gatini Ami akainua kifuniko cha injini. "Mnaisikia harufu?" Petroli. Kabureta ya gari ikifurika humwaga nje. Ya baharini, matundu yake ya hewa yamepindwa ili petroli irudi ndani ya koo lake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani ukakaa humo kungoja cheche. Ndiyo maana feni ya ngamani huwashwa dakika nne kabla ya kuwasha injini, na ndiyo maana sheria ya Marekani inadai kizuia-moto juu ya kabureta ya injini ya ndani iliyofungwa baada ya tarehe 25 Aprili 1940. Kizuia-moto tulikuwa nacho. Feni, asubuhi ile, hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Watoto sita.

Mara ya pili tulianza na kipimo. Tulibandika udongo wa kuchezea watoto juu ya kabureta, tukashusha kifuniko, tukaona nafasi iliyobaki. Tukahakikisha matundu ya hedi zetu ni ya umbo la yai, maana yapo pia ya mraba, na manifoldi isiyolingana nayo haifai hata ukipewa bure. Kisha tukachagua ya ghorofa mbili, ya alumini, njia zake za maji zikiwa na bitana ya shaba ya njano, na kabureta ya baharini. Ami alitaka ya chuma cha kusubu. Ni nzito mno, lakini tukisema kweli, kwa mtu asiyekuwa na haraka, Ami alikuwa na hoja.

Siku ya kuifunga kijana wetu hakuja. Wake zetu walikuwa wameshamsema sana, na sisi tulinyamaza tukamwachia mzigo wote. Boti ilipokubali, tulikwenda kwake jioni na fungu lake la pesa kwenye bahasha. Hakuigusa. Aliuliza, "Inalala kwa mizunguko mingapi?"

Tukamwambia elfu tatu kasoro kidogo.

Akakaa kimya, kisha akauliza kama tumebadilisha na plagi.