Panya walivyoigeuza Pijo ya marehemu kuwa makao yao

UKIABIRI matatu ya nambari 58 kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Buruburu, utapita Muthurwa, kisha uingie Jogoo Road, barabara ambayo wazee wangali wanaikumbuka kwa jina lake la zamani, Doonholm Road. Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho: mitaa hiyo itakupita mmoja baada ya mwingine. Ukiketi dirishani, utaona kitu ambacho wakaazi wa Eastlands wamekizoea hata hawakioni tena. Ni magari makuukuu. Yamesimama mbele ya nyumba, chini ya miti na kando ya vibanda, magurudumu yameisha upepo na nyasi zimeota hadi milangoni.

Kila gari lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana sababu ya kutoliondoa. Jumamosi moja nilikwenda Buruburu kwa ajili ya mojawapo.

Ni Peugeot 504 ya rangi ya maziwa ambayo marehemu mume wa shangazi yangu aliinunua mwaka wa 1984. Huenda vijana wa leo hawajui sifa za Pijo. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya mwaka wa 1975 akiendesha 504, na mwaka wa 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango miwili. Enzi hizo, mtu akiegesha Pijo mbele ya nyumba yake, majirani hawakuuliza kama mambo yake yanamwendea vyema. Hii ya shangazi iliwapeleka watoto wanne shuleni, ikabeba maharusi, na mwaka wa 2016 ikamrudisha mwenyewe nyumbani kutoka hospitali kwa mara ya mwisho. Tangu siku hiyo haikuondoka.

Wanawe walikuwa wamempata mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Shangazi alikataa katakata.

"Ikiondoka hapa, itaondoka kwa magurudumu yake," aliniambia. "Haitaburutwa kama mzoga."

Lakini kulikuwa na tatizo. Ukifungua mlango, harufu ya mkojo wa panya ilikupiga usoni hata ukarudi nyuma. Mjukuu wake mwenye ugonjwa wa pumu alikuwa ameingia humo kucheza siku moja, na usiku huo hakulala. Binti wa shangazi alikuwa ametoa neno la mwisho: gari lisafishwe au liuzwe kabla ya mwezi kwisha.

'Weka ufunguo mfukoni'

Nilikuwa nimempitia fundi mmoja kule Kariobangi Light Industries, karibu na barabara ya Outer Ring, mahali ambapo chuma kinagongwa kutoka alfajiri hadi magharibi. Tulipofika Buruburu, tulimkuta binamu yangu ameketi kwenye usukani. Jana yake alikuwa ametia petroli lita tano na kununua betri, naye alitaka kujaribu kuiwasha.

"Weka ufunguo mfukoni, ndugu yangu," fundi akamwambia. "Kwanza tuone ni nani anayeishi humu."

Alifungua boneti. Juu ya injini palikuwa na kiota kikubwa kama karai, kimeshonwa kwa nyasi, vipande vya sponji na mifuko ya plastiki. Fundi aliifungua betri, akavaa glavu, akaupapasa mpira wa petroli. Ulikuwa umetafunwa hadi ukatoboka. Waya tatu zilikuwa zimebaki shaba tupu.

"Ungewasha," akasema taratibu, "petroli ingemwagika hapa na cheche ingetoka pale."

Binamu yangu alishuka bila kusema neno.

Panya hatafuni waya kwa uhasama. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, na asipoyasaga kwa kutafuna yatamzuia kula. Tena panya jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu hivi tu. Kwa hivyo gari lililosimama miaka mingi halina panya mmoja, lina ukoo.

Usifagie kinyesi kikiwa kikavu

Shangazi alikuwa tayari ameshika ufagio. Fundi alimzuia kwa heshima. "La, mama. Vumbi la kinyesi cha panya si la kuvuta." Ni kweli. Mkojo na kinyesi cha panya hubeba viini vya maradhi, na kufagia kukavu huvirusha hewani. Tulifungua milango yote na buti, tukaacha upepo upite kwa muda wa nusu saa. Kisha, tukiwa tumefunika pua na mdomo, tulichanganya Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, tukanyunyizia viota na kinyesi hadi vikalowa, tukangoja dakika kumi. Hapo ndipo tulipookota kila kitu kwa karatasi na kukifunga ndani ya mifuko miwili.

Viti viling'olewa, kisha zulia. Ile blanketi nzito iliyo chini ya zulia ilikuwa imenyonya mkojo wa miaka, nayo ilitupwa. Sponji za viti pia hazikuokolewa, kwani mkojo ukishaingia ndani ya sponji hakuna sabuni itakayoufuata huko.

Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na kiota cha pili, nacho kilikuwa cha karatasi. Fundi alikigeuza kwa kijiti, na nikaona mistari ya kalamu ya buluu. Marehemu alikuwa na daftari ambamo aliandika kila safari na petroli aliyotia. Kipande kimoja kilisomeka: Machakos, lita 20.

Shangazi aliinama akakisoma bila kukigusa. "Ni mwandiko wake," alisema. Alinyoosha mkono, fundi akatikisa kichwa. Mama huyo alisimama kitambo, kisha akasema, "Haya, kitie mfukoni pamoja na vingine."

Harufu hujificha wapi?

Wengi hufua viti, harufu ikarudi, wakakata tamaa. Katika magari ya zamani, hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele na kwenda moja kwa moja kwenye feni iliyo nyuma ya dashibodi, bila kuchujwa. Panya hupitia papo hapo. Fundi alipoifungua ile feni, alitoa mabaki ya panya aliyekauka pamoja na maganda ya njugu. Hapo ndipo ilipokuwa mizizi ya uvundo.

Sehemu za chuma na plastiki tulizisugua kwa sabuni, kisha tukazipangusa kwa maji ya Jik. Vitambaa vilipigwa kwa maji na siki siku iliyofuata, kila kitu kilipokwisha kusuuzwa na kukauka, kwa sababu Jik ikikutana na siki hutoa hewa ya sumu. Tulinyunyiza bekingi soda sakafuni, tukaweka beseni mbili za makaa ndani ya gari, na kwa siku nne likaachwa juani milango ikiwa wazi.

Majirani hawakukosa ushauri. Mmoja alipendekeza nafutalini, lakini dawa ile huvutwa na abiria vilevile. Mwingine alikuwa amenunua sumu kwa wale wachuuzi wanaopita na vipaza sauti wakinadi dawa ya panya, mende na kunguni. Fundi aliikataa. Panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya dashibodi, na paka akimla naye hufa. Tulitumia mitego ya kubana, na matundu yote yakazibwa kwa wavu wa chuma wenye macho madogo.

Ni panya wa mtaa

Kazi ilipokwisha, fundi alituonyesha mwisho wa koti. Gari la kuzoa taka lilikuwa halijapita kwa wiki tatu, na lundo la maganda na mabaki ya chakula lilikuwa limefika kwenye ukuta, hatua kumi kutoka kwa Pijo. "Hawa si panya wa gari," alisema. "Ni panya wa mtaa. Hapo wanakula, hapa wanalala."

Nairobi ina historia na jambo hili. Mwaka wa 1902, tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, ilipozuka katika mji huu mchanga, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto. Leo hatuchomi mitaa, lakini mwenye kusafisha gari na kuliacha lundo amefanya nusu ya kazi. Jioni ile shangazi aligonga milango ya majirani, na nyumba sita zikachanga kununua mapipa mawili yenye vifuniko.

Wiki mbili baadaye nilirudi. Viti vilikuwa na sponji mpya, na mpira wa petroli na waya vilikuwa vimebadilishwa. Shangazi aliketi mbele, kiti cha abiria, alipozoea kuketi. Injini ilikohoa mara tatu, ikakubali. Tulizunguka kwa Rabai Road, tukaingia Mumias South Road, tukarudi.

Jua likiwa kali, harufu bado husikika kidogo. Mjukuu hataruhusiwa kupanda mpaka iishe kabisa. Mnunuzi wa vyuma alipopiga simu, shangazi alimwambia atafute kwingine. Kila Jumamosi binamu yangu hulizungusha gari mtaani, kwani fundi alituaga kwa neno moja: panya hapangi nyumba inayohamahama.

Nawe msomaji, lile gari lililosimama mlangoni pako, ulilifungua boneti lini?